Mfuko wa Gofu na Mfuko wa Kikundi

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya Likoni, Kisauni na Changamwe

  

Tulipotangaza ya kwamba leo tutazungumza juu ya gofu, kuna waliocheka. Mama mmoja akauliza, "Gofu na sisi wapi na wapi?" Ni swali zuri. Wengi wetu hapa hatujawahi kushika fimbo ya gofu, na huenda tusiishike mpaka tufe. Lakini katika ukumbi huu kuna watu ambao ada ya shule ya watoto wao imetoka kwenye gofu, na kuna wajane ambao waume zao waliumaliza mgongo kwenye gofu. Hao ni wenzetu, ni wanachama wa vikundi vyetu. Kwa hiyo tuvumiliane kidogo.

Mchezo wenyewe ni huu. Mtu anapiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie kwenye shimo, kisha anaenda shimo la pili, la tatu, hata amalize mashimo 18. Aliyetumia mapigo machache ndiye mshindi. Ulianza Scotland zamani sana. Mwaka 1457 bunge la huko liliupiga marufuku kwa sababu vijana walikuwa wakiupenda kuliko mazoezi ya upinde na mishale. Marufuku haikufua dafu.

Huku kwetu uliletwa na Waingereza. Mombasa Golf Club ilianzishwa mwaka 1911. Ukishuka feri ya Likoni upande wa kisiwani, ukashika barabara ya Mama Ngina, utaupita uwanja wake kando ya bahari, wenye mashimo 9. Upande wa Kisauni, Nyali Golf and Country Club ilianzishwa mwaka 1956, nayo ina mashimo 18. Na watu wa bara watakuambia juu ya vilabu vya milimani, kama vile vya Kericho na Nandi Hills, katikati ya chai. Kile cha Nandi Hills kinaitwa Nandi Bears, kwa jina la yule mnyama wa kutisha wa hadithi za huko, ambaye kila mtu anamsimulia na hakuna aliyemkamata.

Katika miji midogo ya milimani klabu ya namna hiyo huwa kama nyumba ya ukoo. Babu alicheza, baba akacheza, mtoto anapelekwa akiwa na miaka saba na fimbo iliyokatwa fupi. Hata huko Scotland mchezo ulishikwa na koo. Mzee Tom Morris wa St Andrews, aliyekuwa mtunza uwanja, alishinda mashindano makubwa ya Uingereza mara 4 kati ya 1861 na 1867. Mwaka uliofuata mwanawe, ambaye pia aliitwa Tom, akayachukua, na hatimaye naye akafikisha mara 4. Baba na mtoto, mara 8. Tena hawakuwa mabwana wakubwa. Walikuwa watu wa kazi ya mikono.

Sasa tuseme yetu. Wakati wa ukoloni vilabu hivi vilikuwa vya Wazungu, na Mwafrika aliingia kama mfanyakazi: mpishi, mkata nyasi, na yule anayebeba mfuko wa fimbo, ambaye sote twamwita kedi. Leo wanachama ni watu wa kila rangi, mradi wana ada. Lakini tukiuliza ni nani hasa aliyezishika desturi za mchezo huu tangu zamani zile, mwaka kwa mwaka, bila kuhama, jibu letu ni kwamba ni makedi pamoja na wanachama, na mara nyingine makedi kuwapita wanachama. Mwanachama huhamishwa kikazi kwenda Nairobi, au hustaafu akarudi kwao. Kedi yupo pale pale. Mjomba humleta mpwa, baba humleta mtoto, jirani humleta jirani. Kuna nyumba Kongowea na Maweni ambazo kazi hii imeingia na kutoka kwa baba na mwana kama vile uvuvi unavyofanya katika nyumba za Mtongwe.

Watu hudhani kedi ni mbeba mzigo tu, kama hamali wa sokoni. Si hivyo. Mfuko uliojaa una fimbo hadi 14, na kwa sheria zisizidi hapo. Uzito wake ni kama kilo 10 hadi 15. Mzunguko wa mashimo 18 ni mwendo wa kilomita 8 au zaidi, saa nne juani. Hayo ni ya mabega. Ya kichwani ndiyo mengi zaidi.

Kedi wa Pwani anajua upepo. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hadi Machi, mpira ule ule kwenye shimo lile lile unataka fimbo nyingine kuliko wakati wa kusi. Shimo lililokuwa rahisi mwezi wa pili huwa kisirani mwezi wa saba. Mgeni aliyetoka Nairobi kwa ndege asubuhi hajui hayo, yeye anaona bendera na umbali tu. Kedi humwambia polepole, "Mzee, ongeza fimbo moja," naye akishika ushauri anaokoka, na asiposhika mpira unakwenda vichakani, na kuutafuta ni kazi ya kedi yule yule.

Anajua pia mlalo wa majani. Pale karibu na shimo nyasi hukatwa fupi kabisa, lakini majani hayasimami wima, yana upande yanakolalia. Mpira ukienda nao unakimbia, ukienda kinyume unasita. Jambo hili halisomwi kwenye kitabu. Linasomwa kwa kupita pale mara elfu, na kwa kuonyeshwa na aliyepita kabla yako. Vijana walio na sisi hapa wamesema walifundishwa na wajomba zao kwa kuinama na kutazama rangi: ukiona majani yanang'aa, mpira unakwenda nayo, ukiyaona meusi, unakuja dhidi yake.

Halafu iko adabu. Usisimame nyuma ya anayepiga. Usitie kivuli chako kwenye njia ya mpira wake. Ukipita mchangani, futa nyayo kwa reki. Pale fimbo iliponyofoa kipande cha nyasi, kirudishe ukikanyage. Makedi wana maneno matatu ya kumfunza mgeni: fika mapema, enda sambamba, funga mdomo. La tatu tutalirudia, kwa sababu hatukubaliani nalo lote.

Ili msidhani tunatia chumvi juu ya ujuzi wa makedi, tuwape kisa cha Durban, Afrika Kusini, ambayo ni bandari kama Mombasa. Alikuwako kedi wa asili ya Kihindi aliyeitwa Sewsunker Sewgolum, wakimwita Papwa. Hakufundishwa na mtu. Hata fimbo aliishika kinyume, mkono wa chini ukiwa juu. Mwaka 1959 alikwenda Uholanzi akashinda mashindano ya wazi ya nchi ile, na mwaka uliofuata akayashinda tena. Mwaka 1963 akashinda mashindano ya Natal, kwao nyumbani, dhidi ya Wazungu. Ulipofika wakati wa kumpa kikombe mvua ilikuwa ikinyesha. Wazungu walikuwa ndani ya nyumba ya klabu. Papwa, kwa sheria za ubaguzi za wakati ule, hakuruhusiwa kuingia. Akapewa kikombe chake nje, mvuani. Picha yake ilizunguka dunia. Mwaka 1965 akashinda tena, na aliyemwacha nyuma safari hii ni Gary Player, bingwa wa dunia. Baadaye serikali ikamfungia nje ya mashindano. Alifariki mwaka 1978, na hakuwa tajiri.

Tunakisimulia kisa hiki kwa sababu moja. Papwa alikuwa na ujuzi wote, lakini hakuwa na chama nyuma yake. Mtu mmoja, hata awe hodari vipi, akifungiwa mlango amefungiwa.

Hapa ndipo tunapotaka kufika. Klabu ya 1911 imepita vita viwili vya dunia, imepita Uhuru, imezika wanachama wake wote wa mwanzo, na ingali ipo. Vikundi vyetu je? Tumesaidia kuanzisha vikundi vingi kwenye mitaa hii mitatu, na vingi havikumaliza mwaka wa tatu. Mwenyekiti akihama, kikundi kimehama. Mweka hazina akigombana na katibu, daftari limepotea. Watu husema, "Wale wana pesa." Ni kweli wana pesa. Lakini pesa hazielezi yote, maana makampuni yenye pesa nyingi yamekufa katika mji huu huu tukiyaangalia.

Tumechunguza, tukaona yapo mambo ambayo hayahitaji pesa. La kwanza ni kadi. Katika gofu hakuna refa anayekufuata. Unahesabu mapigo yako, lakini kwenye mashindano ya mapigo kadi yako huandikwa na mwenzako, na yako wewe ukaandika ya mwenzio. Mwisho mnatia sahihi wote wawili. Ukitia sahihi kadi iliyo pungufu ya mapigo uliyopiga, unatolewa kwenye mashindano. Ukitia sahihi kadi iliyozidi, inabaki hivyo hivyo, imekula kwako.

Mwaka 1968 Roberto De Vicenzo wa Argentina alikuwa Marekani kwenye mashindano yale makubwa ya Augusta. Kwenye shimo la 17 alipiga mapigo 3, na umati wote uliona, na televisheni ilionyesha. Mwenzake aliyeshika kadi, Tommy Aaron, akaandika 4. De Vicenzo hakukagua, akatia sahihi. Kwa pigo lile moja la kalamu alikosa nafasi ya kucheza marudio ya kutafuta bingwa. Watu walilalamika, lakini kadi ilikuwa imeshasainiwa, na yeye mwenyewe hakumlaumu mwenzake.

Sasa tazameni upatu wetu. Mweka hazina anapokea, anaandika mwenyewe, anajumlisha mwenyewe, na siku ya kusoma hesabu sote tunapiga makofi. Nani amekagua? Ukiomba kuona daftari, unaambiwa, "Kwani huniamini?" Yule mwanachama wa klabu mwenye gari na kiwanda hakasiriki kuandikiwa kadi na mwenzake, nasi twakasirikia nini? Anayepokea asiwe anayeandika, na anayeandika asiwe anayehesabu mwisho wa mwezi. Na kila mtu asome mstari wake kabla hajatia sahihi au dole gumba.

La pili ni handikapu. Neno hili hutumiwa kwa maana ya ulemavu, lakini kwenye gofu ni jambo jingine kabisa. Mchezaji dhaifu hupewa mapigo ya kupunguziwa kulingana na uwezo wake, ili aweze kushindana na aliye hodari bila kuaibika. Mzee wa miaka 70 anacheza na kijana wa 25, na mzee anaweza kushinda kwa haki. Na uwezo ukipanda, punguzo linashuka, halikai milele. Katika vikundi vyetu tumezoea kiwango kimoja: kila mtu shilingi 200, asiye nazo atoke. Anayetoka kwanza ni yule ambaye kikundi kilianzishwa kwa ajili yake, mama anayeuza mbaazi na mahamri mlangoni. Kikundi kimoja cha Likoni kimeweka viwango vitatu vya mchango, na mkopo unafuata kiwango, na kila baada ya miezi sita wanakaa na kuangalia nani amepanda. Mwanzoni palikuwa na manung'uniko. Bado yapo kidogo. Lakini hakuna aliyetoka.

Tukirudi kwa makedi wenyewe, hali yao si ya kufurahisha. Wengi hawana mshahara. Analipwa kwa mzunguko, na bakshishi ni hiari ya mchezaji. Mvua ikinyesha siku nzima, hakuna. Mwezi Machi 2020, korona ilipoingia, viwanja vilifungwa. Tarehe 8 Aprili mwaka ule Mombasa ikafungiwa, hakuna kuingia wala kutoka, na wageni wakaisha. Mtu ambaye amebeba mifuko kwa miaka 30 alikuja mlangoni petu kuomba unga. Hakuwa mvivu wala mlevi. Alikuwa na ujuzi ambao haukuwa na akiba hata ya mwezi mmoja. Na sasa vimekuja vigari vya betri vinavyobeba mchezaji na mfuko wake. Kigari hakijui kusi wala kaskazi, lakini hakiombi bakshishi.

Hapa ndipo lile neno la tatu, funga mdomo, linapotutia shaka. Mchezaji anapopiga, ndiyo, nyamaza, hiyo ni adabu. Lakini ukimya umetoka uwanjani ukaingia nyumbani. Kedi anaumwa goti miaka mitano hasemi. Hana bima, hasemi. Mtoto wake amerudishwa kutoka shule, hasemi, na Jumatatu anakuja naye uwanjani abebe mfuko mdogo. Hilo tunalipinga wazi. Kijana kumsaidia baba siku ya likizo ni urithi. Kijana kuacha darasa la saba akabebe mfuko ni umaskini uliovaa nguo ya urithi, na wazee wanaosema "hata mimi nilianza hivyo" watuwie radhi.

Wenzetu Marekani walilifikiria hili mapema. Chick Evans alianza kama kedi. Alijiunga na chuo kikuu cha Northwestern, akashindwa kuendelea kwa kukosa pesa. Mwaka 1916 alishinda mashindano yote mawili makubwa ya Marekani, la wazi na la wachezaji wa ridhaa. Kwa kuwa alitaka kubaki mchezaji wa ridhaa, hakuweza kuchukua pesa za mchezo mfukoni mwake. Basi fedha alizopata kwa kurekodi mafunzo kwenye santuri ziliwekwa kando, na mwaka 1930 makedi wawili wa kwanza wakaingia chuoni kwa mfuko ule. Tangu hapo waliosomeshwa wamepita 10,000. Wanachama wa vilabu ndio wanaouchangia. Kwa hiyo tunapokwenda kuomba klabu zichangie ada za watoto wa makedi, hatuombi maajabu. Lakini hatuwezi kwenda mikono mitupu. Watatuuliza: mmesajiliwa? Katiba iko wapi? Hesabu za mwaka jana ziko wapi?

Usajili si kazi ngumu. Sheria ya vikundi vya jamii ya mwaka 2022 inataka watu wasiopungua 10, wawe na katiba yao na viongozi, waende ofisi ya maendeleo ya jamii. Na kabla ya kuombea ada, tuanze na afya. Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua mahali pa NHIF. Asiye na mshahara hulipa kufuatana na mapato, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mara moja, yaani 3,600. Kedi gani ana 3,600 taslimu? Hapo ndipo kikundi kina kazi. Shilingi 70 kila wiki kwa wiki 52 ni 3,640. Inatosha, na 40 inabaki ya kununua kalamu. Kikundi kitangulize kwa wale wenye wazee na wagonjwa nyumbani, wengine wafuate kwa zamu. Uzeeni pia pana mpango wa NSSF uitwao Haba Haba, unaoanzia shilingi 25 kwa siku. Tumeuleta waraka wake, uko kwa katibu, ulizeni mkitoka.

Kikundi kimoja cha makedi upande wa Kisauni kimeshaanza. Wako 20. Wana daftari tatu zinazoshikwa na watu watatu, na kila mmoja anasoma mstari wake. Wamekubaliana kwamba asilimia fulani ya bakshishi ya Jumamosi na Jumapili iingie kwenye mfuko kabla mtu hajafika nyumbani, maana ikifika nyumbani, tunajua.

Jambo lililowasumbua zaidi halikuwa pesa. Mwenzao mmoja alifariki, na mkewe akaja kwenye mkutano akauliza kama anaweza kukaa mahali pake. Yeye hajabeba mfuko hata siku moja; anauza samaki wa kupaka pale njiani. Wazee walisema kikundi ni cha makedi. Vijana walisema mchango wa marehemu ulitoka kwenye samaki yule wakati hakukuwa na wachezaji, na kila mtu pale alikuwa anajua. Walibishana mpaka magharibi. Mwishowe mzee kuliko wote akaomba daftari, akatazama miaka miwili ya nyuma, akakuta ya kwamba kwa miezi ile ya mvua sahihi iliyokuwa kwenye mstari ule haikuwa ya mume. Basi wakamwandika pale pale, chini ya jina la marehemu, na wiki iliyofuata alikuja na shilingi zake 70.